Picha ya Ndani ya Mwili na Swali Lililosahauliwa Kwenye Fomu

Kila kipimo cha picha huanza na karatasi. Kabla mgonjwa hajalazwa kwenye kitanda cha mashine, na kabla hajachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha mishipa, daktari anayemtibu hujaza fomu ya maombi yenye mstari mmoja unaomtaka aeleze anashuku nini na kwa nini kipimo hicho kinahitajika. Wataalamu wa radiolojia wanaufahamu mstari huo kwa masikitiko, kwa sababu mara nyingi huwafikia ukiwa na maneno matatu tu, "maumivu ya tumbo", na mara nyingine huwafikia ukiwa mtupu. Mashine ya fedha nyingi huamriwa itazame bila kuambiwa inatafuta nini.

Hoja ninayoitetea ni kwamba teknolojia za kutazama ndani ya mwili zimeondoa ugumu mmoja wa utabibu na kuleta mwingine. Kwa karne nyingi tabibu alishindwa kwa sababu hakuona. Leo, pale anapokuwa na vifaa vya kisasa, akishindwa huwa ameona mengi bila kujua alipaswa kuuliza nini. Hata hivyo, kila mashine mpya inapotangazwa tunasifiwa uangavu wa picha zake, kana kwamba ugumu bado uko palepale ulipokuwa miaka mia mbili iliyopita.

Mwaka 1816 René Laennec, tabibu wa Paris, alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na sikio lake kwenye ncha ya pili, akasikia mapigo ya moyo kwa uwazi ambao hakuwahi kuupata kwa kulaza sikio kifuani. Bomba lile, ambalo ndilo babu wa stetoskopu ya leo, halikumwonyesha chochote. Lilimpa sauti tu, na sauti ilimlazimisha kufikiri: mkwaruzo huu unatoka wapi, na mgonjwa akifa, uchunguzi wa maiti utaonyesha nini? Alilinganisha alichokisikia na kilichokutwa kwenye maiti hadi akajua ni sauti ipi inayoambatana na ugonjwa upi. Hapakuwa na njia ya mkato, na huenda ukosefu huo wa njia ya mkato ndio uliomfanya awe mtabibu makini.

Wilhelm Röntgen ndiye aliyefungua mlango mwingine. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, aligundua mionzi isiyojulikana inayopenya vitu vigumu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana wazi na pete ikielea juu ya kidole. Katika miezi michache iliyofuata madaktari wa nchi kadhaa walikuwa wakitafuta risasi na mifupa iliyovunjika kwa mionzi hiyo. Mwaka 1901 Röntgen akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Naamini picha ile ya mkono ndiyo iliyotuachia dhana ambayo hatujaivua hadi leo, kwamba mashine hupiga picha ya ndani ya mwili jinsi kamera inavyopiga picha ya uso: kilichopo kinaonekana, na kisichoonekana hakipo.

Dhana hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa picha ya eksirei ni kivuli, lakini kasoro ilidhihirika zaidi tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopimwa kichwa katika Hospitali ya Atkinson Morley mjini London kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa ameshachapisha hesabu za msingi wa kazi hiyo mwaka 1963 na 1964, na mwaka 1979 wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba. Kilichotoka kwenye mashine ile kilikuwa jedwali la tarakimu. Mionzi ilipitishwa kichwani kutoka pembe nyingi, kompyuta ikapiga hesabu kujua kila kipande kidogo cha ubongo kimeizuia kwa kiasi gani, na hadi leo kipimo cha CT hufanya kazi kwa msingi huohuo: maji hupewa sifuri, hewa hupewa hasi 1000, na mfupa hupanda mamia kadhaa juu ya sifuri.

Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha vivuli vya kijivu vinavyotosha tarakimu zote hizo, kwa hiyo mtazamaji huchagua sehemu ya tarakimu anayotaka ionekane na kuziacha nyingine gizani. Akichagua zinazofaa kutazama moyo na misuli, mapafu huwa meusi tititi na kinundu kidogo kilichomo humo hupotea. Akibadili uchaguzi kwa kubonyeza kitufe, kinundu hujitokeza. Mgonjwa ni yuleyule na data ni zilezile. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na picha inayoelea kwenye skrini ya radiolojia imeundwa kwa maamuzi mengi ambayo mgonjwa hayaoni na ambayo hata daktari aliyeiomba pengine hayafahamu.

Ndiyo maana napenda kuzifikiria mashine hizi kama maswali. Eksirei na CT huuliza tishu hii inazuia mionzi kwa kiasi gani. Altrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangaza kwa madaktari mwaka 1958 baada ya kuanza na chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyufa kwenye vyuma, huuliza wimbi la sauti linagonga wapi na kurudi. Kwa kuwa sauti hiyo haipenyi hewa wala mfupa ipasavyo, gesi ya tumboni peke yake inaweza kuificha kongosho yote. MRI, tunda la kazi za Paul Lauterbur na Peter Mansfield katika miaka ya 1970, huuliza viini vya hidrojeni vilivyomo kwenye maji na mafuta ya mwili vinachukua muda gani kutulia baada ya kusukumwa na mawimbi ya redio ndani ya sumaku yenye nguvu.

Kipimo cha PET kina swali la aina nyingine kabisa, kwa sababu hakijali sana umbo la kiungo. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyofungwa florini yenye mnururisho, yaani inayotoa mionzi, ambayo nusu yake huisha katika dakika 110 hivi, na mashine hutafuta ni wapi mwilini sukari inalika kwa kasi. Saratani nyingi huila kwa pupa, nazo hung'ara. Lakini ubongo pia huila, moyo mara nyingi huila, na donda la kifua kikuu lililo hai huila kiasi cha kumdanganya msomaji asiye mwangalifu. Anayeliona doa linalong'ara akasema "saratani" amejibu swali ambalo mashine haikuuliza. Mashine imesema tu kwamba hapa sukari inaliwa.

Sijaona mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko kiharusi. Mtu amepooza upande mmoja ghafla, na katika saa ya kwanza haijulikani kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Dalili za nje zinaweza kufanana, ilhali matibabu yanapingana: aliyeziba mshipa anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, lakini dawa hiyohiyo akipewa aliyepasuka mshipa inaweza kumuua. Hospitali humpeleka kwanza kwenye CT. Sasa, CT ya saa ile ya kwanza inaweza kuonyesha ubongo unaoonekana mzima kabisa hata kama sehemu yake tayari inakufa kwa kukosa damu. MRI ingeweza kuona uharibifu huo mapema zaidi, mara nyingine ndani ya dakika chache. Kwa anayedhani kipimo bora ni kile kinachoona mengi, uamuzi wa kuanza na CT ni wa ajabu. Lakini swali la saa ile ni jembamba sana: je, kuna damu imevuja? CT hulijibu kwa dakika chache na kwa uhakika mkubwa, kwa sababu damu mbichi hung'aa kwenye picha yake. Picha inayoonekana "haina kitu" ndiyo inayofungua njia ya dawa. Daktari hapo alijua, kabla ya kuomba kipimo, atafanya nini jibu likiwa ndiyo na atafanya nini likiwa hapana.

Kwa kigezo hicho, baadhi ya teknolojia za miaka ya karibuni zinastahili sifa kubwa kuliko zinazopewa, na nyingine zinastahili ndogo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu matumizi ya mashine ya MRI inayosukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda na kuchomekwa kwenye umeme wa kawaida wa ukutani. Sumaku yake ina nguvu ya tesla 0.064, wakati mashine za kawaida za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Picha zake zina ukungu, na kwa mtaalamu aliyezoea mashine kubwa zinaweza kumkumbusha miaka ya nyuma sana. Hata hivyo, mgonjwa aliye kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa na mirija na mashine ya kupumulia, hahitaji picha ya kupendeza. Anahitaji mtu ajue kama maji yamejaa kwenye vyumba vya ubongo au kama ubongo umesukumwa upande mmoja, na ajue bila kumhamisha. Ukungu si kasoro ikiwa swali ni kubwa kuliko ukungu.

Altrasaundi ya mfukoni iko katika kundi hilohilo. Mwaka 2017 kiliidhinishwa Marekani kifaa kinachochomekwa kwenye simu, ambacho sehemu yake inayotoa na kupokea sauti imejengwa juu ya kipande cha silikoni kama cha kompyuta. Mkunga anayetaka kujua kama mtoto ametanguliza kichwa, au daktari wa dharura anayetaka kujua kama kuna maji yaliyouzunguka moyo, hupata jibu palepale. Mkononi mwa mtu asiyefunzwa, kifaa hichohicho hutoa vivuli ambavyo kila mmoja huvisoma apendavyo, kwa maana altrasaundi kuliko vipimo vyote hutegemea mkono unaoishika.

Kidonge chenye kamera ni kisa cha kuvutia zaidi. Kwa muda mrefu utumbo mwembamba ulikuwa sehemu isiyofikika: mpira wa endoskopia unaoingizwa kinywani huishia mwanzoni mwake, na ule wa kutoka chini huishia mwisho wake, na katikati hubaki mita kadhaa za giza. Kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001 humezwa, husafiri na chakula kinavyosafiri, na kwa saa zipatazo nane hurusha maelfu kwa maelfu ya picha, zinazokaribia 50,000 katika safari moja. Kwa mgonjwa anayepoteza damu polepole pasipojulikana chanzo, hiyo ilikuwa neema. Lakini mtu mwenye subira anapaswa kuketi azitazame picha hizo, na yawezekana kidonda chenyewe kimo katika mbili au tatu tu. Kidonge pia hakiwezi kurudi nyuma kikatazame tena, wala kuchukua kinyama cha kupeleka maabara, wala kuziba kinachovuja. Na kwa mgonjwa ambaye utumbo wake umebanwa mahali fulani, kinaweza kukwama na kuwa tatizo jipya. Kinaona na kupita. Hakuna mfano wa wazi zaidi wa tofauti kati ya kuona na kutibu.

Nigeukie damu, kwa sababu huko ndiko ahadi kubwa zaidi zinakotolewa sasa. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto aliye tumboni huelea ndani ya damu ya mama yake. Tangu mwaka 2011 kipimo kilichotokana na ugunduzi huo, cha kuchunguza hitilafu za kromosomu za mtoto kwa kutoa damu ya mama tu, kimekuwa kikiuzwa kibiashara. Kisha likatokea jambo ambalo halikupangwa. Baadhi ya akina mama walipata majibu ya ajabu yasiyolingana na hali ya mtoto, na walipochunguzwa wakakutwa na saratani ambazo wao wenyewe hawakuzijua, kwa kuwa uvimbe nao humwaga vipande vya DNA yake katika damu. Ni ugunduzi uliokuja kama mgeni asiyealikwa. Leo zipo kampuni zinazotafuta alama za saratani za aina nyingi kwa mpigo mmoja, katika damu ya watu wasio na dalili yoyote, na hapo ndipo naomba msomaji apige hesabu pamoja nami.

Tuseme kuna kipimo kinachomtambua mgonjwa mara 90 kati ya 100 na kumpa mtu mzima jibu sahihi mara 90 kati ya 100. Kinasikika kuwa kizuri. Tukipime kwa watu 1000 ambao kati yao 10 wana ugonjwa. Wagonjwa 9 watatambuliwa na mmoja ataponyoka. Kati ya wazima 990, watu 99 wataambiwa kwamba wana tatizo. Jumla ya waliopata jibu la hofu ni 108, na walio wagonjwa kweli ni 9, yaani chini ya mmoja kati ya kumi. Ukikipeleka kipimo hichohicho kliniki ambako nusu ya wanaofika wana ugonjwa huo, wenye jibu la hofu walio wagonjwa kweli watakuwa 9 kati ya 10. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani aliyepimwa, jambo ambalo huamuliwa na daktari kabla sindano haijagusa ngozi. Watengenezaji wa vipimo vya damu wanaijua hesabu hii, na ndiyo maana hujitahidi kupunguza majibu ya hofu ya uongo hadi yawe machache sana. Lakini wanaovitangaza vipimo hivyo hawaitaji kwa sauti ileile wanayoitumia kutaja matumaini.

Mtu anaweza kusema kwamba hofu ya muda ni gharama ndogo ukilinganisha na uhai. Ingekuwa hivyo kama hofu ingeishia kwenye hofu. Korea Kusini ilianzisha mpango wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani mwaka 1999, na ingawa tezi ya shingo haikuwa miongoni mwa viungo vilivyolengwa, watoa huduma wengi waliongeza altrasaundi ya tezi hiyo kwa malipo madogo. Kufikia mwaka 2011 kiwango cha saratani ya tezi iliyogunduliwa kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993, na vifo vya saratani hiyo havikubadilika. Karibu wote waliogunduliwa walitibiwa, wengi wao kwa kuondolewa tezi nzima au sehemu yake, na aliyeondolewa tezi nzima humeza homoni maisha yake yote, huku wengine wakipata madhara ya sauti au ya upungufu wa kalisiamu. Ugonjwa waliokuwa nao ulikuwa wa kweli, ulithibitishwa kwa hadubini. Lakini kwa wengi wao ulikuwa vinundu vidogo vya aina inayokua polepole mno, ambavyo mtu huishi navyo hadi afe kwa jambo lingine. Mwaka 2014 madaktari wa huko walipoanza kulisema hilo hadharani, idadi ya upasuaji ilishuka kwa kasi. Mashine zilikuwa zimeona kweli tupu, na kweli hiyo ikawadhuru watu.

Macho hayana pazia, na mashine yenye jicho kali zaidi haiwezi kuambiwa isione. Ndiyo sababu siridhiki na biashara ya kumpima mtu mzima mwili wote kwa MRI bila dalili wala historia ya ugonjwa katika ukoo. Chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2023 kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza. Anayejilaza kwenye mashine hiyo ana nafasi kubwa ya kutoka na uvimbe wa maji kwenye figo, kidoa kwenye ini au kinundu kwenye tezi, na kila kimoja kitadai kipimo kingine cha kukihakikisha. Kipimo hicho cha pili kinaweza kuwa CT ya tumbo, ambayo hubeba mnururisho wa milisiveti 8 hadi 10, wakati eksirei ya kifua ni takriban 0.1 tu.

Nisieleweke kwamba napinga kuwachunguza wasio na dalili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 uliwahusisha watu zaidi ya 53,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliokuwa wamevuta sigara kwa wingi, na ukaonyesha kwamba CT yenye mnururisho mdogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei ya kifua. Katika utafiti huohuo, asilimia 96.4 ya picha za CT zilizosomwa kuwa na tatizo hazikuwa na saratani. Tarakimu zote mbili ni za kweli kwa pamoja. Faida ilipatikana kwa sababu walengwa walichaguliwa kwa hatari yao, ugonjwa wenyewe huua haraka ukiachwa, na kulikuwa na utaratibu wa kufuatilia vinundu bila kukimbilia kisu.

Akili mnemba imeingia kwenye uwanja huu kwa kishindo, na kwa maoni yangu imepata mafanikio pale ilipopewa swali jembamba. Nchini Uswidi wanawake zaidi ya 80,000 waligawanywa makundi mawili. Katika kundi moja programu ilizipanga picha za matiti kwa kiwango cha hatari, na nyingi za hatari ndogo zikasomwa na mtaalamu mmoja badala ya wawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba kazi ya usomaji ilipungua kwa asilimia 44 hivi, na saratani zilizopatikana zilikuwa 6.1 kwa kila wanawake 1000, dhidi ya 5.1 katika kundi la usomaji wa kawaida. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza programu za kusoma eksirei za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Hizo ni hatua za maana.

Lakini programu ina tabia ya kujibu swali ambalo hujaliuliza huku ukidhani imejibu lako. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba programu iliyofunzwa kutambua nimonia kwenye eksirei ilifanya kazi vizuri kwenye hospitali ilizofunzwa nazo na vibaya zaidi kwingineko, na kwamba iliweza kutambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea. Kwa kuwa baadhi ya hospitali zilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kujua hospitali kulitosha kubahatisha ugonjwa. Kosa la namna hiyo halihitaji hata akili mnemba. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu, kinachoaminika kuliko karibu kifaa chochote cha wodini, kilionekana katika utafiti wa mwaka 2020 kukosa kuutambua upungufu wa hatari wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe, kwa sababu mwanga wake hupita kwenye ngozi kwanza.

Naijua pingamizi iliyo nzito kuliko zote. Tume ya uchunguzi wa kitabibu ya jarida la The Lancet ilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 47 ya watu duniani hawapati vipimo, au wanavipata kwa shida kubwa. Kwa watu hao, kulalamikia mashine zinazoona mno ni sawa na kumlalamikia aliyeshiba mbele ya mwenye njaa. Ni kweli, na ningekubali kushindwa katika hoja hii kama wangekuwa wanakosa mashine zinazoona kila kitu. Wanakosa vipimo vya msingi. Kipimo ambacho nakihesabu kuwa miongoni mwa mafanikio makubwa zaidi ya utambuzi wa magonjwa katika karne hii hakitoi picha yoyote: ni kile cha kifua kikuu kiitwacho Xpert, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010. Makohozi huingizwa kwenye kikasha, na kabla ya saa mbili kupita mashine hujibu maswali mawili, kama bakteria wa kifua kikuu wamo na kama wana usugu dhidi ya dawa ya rifampisini. Kila jibu lina dozi yake inayolingojea. Kabla ya hapo ukaguzi wa usugu ulingoja bakteria wakue maabara kwa wiki kadhaa, na mgonjwa akitembea nao.

Na sasa ile fomu yenye maneno "maumivu ya tumbo". Mtaalamu anayeiendesha CT hawezi kuanza kazi bila kuchagua, na uchaguzi wake hutegemea mstari ule. Ikiwa daktari anashuku jiwe kwenye njia ya mkojo, picha hupigwa bila dawa ya kung'arisha, kwa maana dawa ikishafika kwenye njia ya mkojo hung'aa kama jiwe lenyewe na inaweza kulificha likiwa dogo. Ikiwa anashuku kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo umeziba, dawa ni ya lazima, na picha inapaswa kupigwa takriban sekunde 30 baada ya sindano, dawa ikiwa bado imejaa kwenye mishipa ya ateri. Ikiwa anashuku jipu kwenye ini, husubiriwa hadi sekunde 70 hivi, ini lenyewe likiwa limeinywa dawa. Pasipoandikwa kitu, mtaalamu huchukua utaratibu wa kawaida, ambao ni huo wa mwisho. Mgonjwa wa jiwe na mgonjwa wa utumbo unaokufa hupigwa picha safi, angavu, zilizopangwa kwa ajili ya ini, na ripoti hurudi wodini ikisema kwamba ini halina tatizo.